Sentensi Saba kwenye Faili la Josette

Leonville, Louisiana
Ijumaa, 30 Septemba 2022

Kwa mjukuu wangu mpendwa Noelie,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe pamoja na kitukuu changu Josette, nikitumaini kwamba karatasi hii itawakuta mkiwa wazima wa mwili na watulivu wa roho. Kabla ya neno lolote, uniwie radhi. Ni wiki tano tangu nirudi kutoka kwenu Houston. Mtu aliyelala na kula nyumbani mwa watu siku ishirini, kisha akakaa wiki tano bila kushukuru, hana adabu, hata akiwa na miaka themanini na mmoja. Udhuru ninao, lakini haufai kuandikwa.

Huku hatujambo. Miti ya pekani imezaa sana, na kunguru wamekwisha kupata habari. Binamu yako Ozite amejifungua mtoto wa kiume. Watu wanasema ana masikio ya kina Lavergne, maskini. Kaburi la bibi yako nitalipaka chokaa upya kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, na la mama yako pia.

Sasa, kifua cha Josette kinaendeleaje? Pumu haipendi msimu huu. Nimepiga simu mara nne. Mara tatu haikupokelewa. Ya nne aliipokea mumeo Kerwin, akaniambia, "Mzee, Noelie haongei siku hizi." Nikamuuliza ana nini. Akacheka, akakata. Tangu hapo sijalala vizuri, na naomba radhi kukutwisha usingizi wangu.

Barua hii inaletwa na Eula Rideau, ambaye kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hupeleka soseji za wali kwa watu wetu wa huko, kwenye uwanja wa kanisa. Ameiweka chini ya barafu, ndani ya mfuko wa nailoni. Mnijibu kwa njia hiyo hiyo.

Babu yako,
Alcide Lavergne

*

Houston
5 Novemba 2022

Shikamoo Babu,

Barua nimeipata, ina harufu ya vitunguu. Usiombe radhi tena, utazimaliza. Mpe Ozite hongera zangu, mwambie masikio hukua na mwenyewe.

Josette ameng'oka jino la mbele. Anasema Babu hana meno na yeye hana, kwa hiyo mko darasa moja. Kifua kinabana akikimbia, ila si sana.

Mimi sijambo. Sikupokea simu kwa sababu niliteleza bafuni nikagonga taya kwenye sinki. Walilifunga waya. Wameshaufungua, lakini bado nakunywa supu kwa mrija, na nguo za usichana zimeanza kunienea tena. Kazi ya jikoni pale kwenye nyumba ya wazee nimeisimamisha kidogo.

Babu, usipige simu tena wala usitume ujumbe. Kerwin anasoma vyote. Hata faili la Josette la kliniki lipo kwenye simu yake. Yeye ni baba, kwa hiyo walimpa nywila. Daktari akiandika kitu, Kerwin anakisoma kabla mimi na mtoto hatujafika kituo cha basi.

Kuhusu siku ile uliyompeleka Josette kliniki mimi nikiwa kazini, sikuulizi kitu. Na wewe usiniulize kitu.

Eula ananisubiri, ananitazama shingo. Mwambie asikupe maneno mengi.

Noelie

*

Leonville
Ijumaa, 2 Desemba 2022

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii, ambao sasa ni mimi na paka. Naomba radhi mara mbili: kwanza kwa kuchelewa mwezi mzima, kwa kuwa nilichana barua tatu kabla ya hii, pili kwa sababu nitavunja agizo lako. Uliniambia nisikuulize kitu. Sikuulizi. Nakiri.

Eula alinipa maneno mengi. Alisimama mlangoni na sanduku lake la barafu, akasema, "Alcide, sinki haina vidole. Shingoni ana alama nne upande huu na moja upande huu. Hata ukinipa kahawa, sitasema alianguka."

Siku ile kliniki binti wa mapokezi alinipa kishikwambi. "Jaza hapa, mzee, kisha unirudishie."

"Nijaze yote?"

"Yote, baba yangu. Ukiacha kisanduku kitupu, kitanipigia kelele mpaka jioni."

Kiliuliza kama nyumbani kuna chakula cha kufikisha mwisho wa mwezi. Kama umeme umewahi kukatwa. Kama ukuta una ukungu. Nilikumbuka ulivyonieleza kwamba mwaka juzi ulijibu swali lile la ukungu, jibu likaingia kwenye faili la mtoto, wakili wa kliniki akamwandikia mwenye nyumba, na ukuta ukabomolewa ndani ya wiki mbili. Nikasema moyoni: hapa ndipo mahali ambapo mtu akisema kweli, kuna anayeamka na kufanya kazi.

Kisha kikauliza kama kuna mtu nyumbani anayemtisha mtoto au mama yake.

Noelie, nilikuwepo Jumatano ile. Ulidhani nimelala chumba cha nyuma. Nilimwona akikuburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi mlangoni, kichwa chako kikigonga kila mguu wa kiti, na Josette chini ya meza akivuta dawa yake bila kulia, kama mtu aliyezoea. Nilikuwa na gazeti mkononi. Nikafungua ukurasa unaofuata. Naomba radhi kwa ukurasa ule kuliko kwa jambo lolote nililofanya tangu nizaliwe.

Kwa hiyo nikajibu ndiyo. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo, nami nikaandika sentensi saba, kwa lugha safi, bila chuki. Sikuweka jina langu. Masista wa misheni walitufundisha kwamba mgeni anayelazimika kumsema mwenyeji wake hasimami mbele akajitangaza. Nilidhani ile ni adabu. Sikufikiri kwamba jibu lisilo na jina lingedhaniwa kuwa limetoka kwa mama wa mtoto.

Nisamehe, au usinisamehe. Yote mawili nitayapokea.

Barua hii anayo Eula.

Babu yako

*

Houston
6 Januari 2023

Shikamoo Babu,

Heri ya mwaka mpya. Josette alipata kitabu cha kupaka rangi na mafua. Pekani ulizotuma Kerwin amezila, alisema ni nzuri.

Nilijua ni wewe. Miaka mitatu kishikwambi kile kinaniuliza swali lile, na miaka mitatu najibu hapana. Sasa nani mwingine angejibu ndiyo? Na nani mwingine Houston nzima anaandika hivyo?

Umesema yako, acha nami niseme yangu mara moja, kisha tusirudi tena.

Ulipokwisha kuondoka, alinikalisha kwenye kiti cha jikoni. Simu mkono wa kushoto, wa kulia mtupu. Akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, polepole, kama msomaji wa misa. Akapiga. Akasoma ya pili. Akapiga. Zilikuwa saba, Babu. Ya nne ilikuwa ndefu, na katikati alisimama avute pumzi, nikadhani imekwisha, nikalegeza shingo. Taya lilivunjika kwenye ya tano. Ya sita na ya saba sikuzisikia.

Kabla ya kuanza aliniuliza, "Nani kasema haya?"

Nikasema mimi.

"Wewe? Wewe orodha ya sokoni inakushinda."

Nikamwambia nesi ndiye aliyeandika, mimi nilimsimulia. Akaridhika. Sikukutaja kwa sababu ana gari, na kutoka hapa hadi kwako ni mwendo wa saa nne tu.

Sasa hospitalini nilisema niliteleza bafuni, na hilo nalo limeandikwa. Kwa hiyo faili la mtoto linasema napigwa, na faili langu linasema mimi ni mzembe wa kuoga.

Lipo la kheri moja. Kliniki yuko mama mmoja mfupi, Imelda Treviño, kazi yake ni kusoma majibu ya yale maswali na kufuatilia. Siku hizi Kerwin haniachi niende peke yangu. Juzi Imelda akamwambia, "Baba, njoo dirishani, karatasi za bima zinakusubiri." Akamwachia mwenzake, akanivuta kwenye mizani ya watoto.

"Dakika nne," akasema. "Sentensi zile zilionekana kwake kwa kosa letu, si lako. Nimezificha. Sasa anaona uzito, chanjo, miadi na anwani tu."

"Mfungie kabisa."

"Siwezi. Yeye ni baba. Mpaka hakimu atie sahihi."

"Hakimu anataka nini?"

"Ripoti ya polisi. Shahidi. Kitu."

Nikacheka, na kucheka kunauma. Akasema ipo nyumba ya akina mama, atatupatia nafasi tarehe 26, Kerwin akiwa zamu ya mchana kiwandani. Lakini dawa za Josette hutumwa kwa posta kila mwezi, lazima faili liwe na anwani, na anwani Kerwin ataiona. "Usinipe pa kweli," akasema. "Nipe mahali pa kupokelea barua tu."

Sijui nimpe pa nani.

Noelie

*

Leonville
Ijumaa, 20 Januari 2023

Mjukuu wangu mpendwa,

Naomba radhi kwa ufupi. Kwa kuwa sikukuu za kabla ya Kwaresima zimekaribia, Eula anasafiri mara mbili mwezi huu, na gari linanguruma nje. Imelda hununua soseji kwake. Atapewa hii mkononi.

Mpe anwani yangu. Ni nyumba ya babu wa mama wa mtoto. Hakuna uongo ndani yake, na posta hufika kila siku isipokuwa Jumapili. Dawa nitazipokea na kuzituma kwako kwa Eula.

Usijiulize maswali mengine. Fungasha vitu vichache. Usimuage mtu.

Babu yako

*

4 Februari 2023

Shikamoo Babu,

Siandiki nilipo. Tuna chumba chenye dirisha na kitanda cha ghorofa. Josette amechukua cha juu, anasema yeye sasa ni mwenye nyumba na mimi mpangaji. Jana alikimbia uwanjani hakukohoa. Nilikaa kwenye ngazi nikamtazama mpaka chai ikapoa.

Lakini si hilo la kukuandikia. Imelda anaweza kuona kila mara faili linapofunguliwa na nani. Tulipoondoka, siku za kwanza Kerwin hakulifungua. Jumanne alilifungua mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja alitazama ukurasa wa anwani.

Imelda alisema, "Babu yako ana mtu wa kukaa naye?" Hapo ndipo nilipoelewa. Wewe ulielewa tangu mwanzo, sivyo? Ulipoandika "usijiulize maswali mengine" ulikuwa umeshajiuliza yote.

Babu, ondoka hapo. Nenda kwa Ozite, nenda kwa padre. Mwache avunje nyumba, nyumba ni mbao tu. Nilipokea ngumi saba ili asifike kwako. Usizifanye kuwa bure.

Eula anaondoka saa hii, amesema kesho baada ya misa utakuwa nayo mkononi.

Noelie

*

Leonville
Ijumaa, 3 Machi 2023

Mjukuu wangu mpendwa Noelie,

Nakusalimu kwa heshima, na kwa Josette natuma busu la shavuni, kama atalipokea kutoka kwa mzee aliyebakiza meno matatu. Naomba radhi kwa kuchelewa karibu mwezi mzima, na kwa mwandiko huu. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Naandika kwa wa kushoto, ambao ndio niliozaliwa nao. Masista waliufunga kwa mkanda nyuma ya kiti miaka miwili, na kila ulipochomoka waliupiga kwa rula upande wa makali, mpaka wakaamini wameuua.

Imelda amekwisha kukupa habari kwa ufupi. Ni wajibu wangu kukupa kwa urefu, maana ni mumeo, na ni nyumba yangu.

Alifika Alhamisi, tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa mezani nikikata nyama ya nguruwe ya Eula. Hakubisha hodi.

"Wako wapi, mzee?"

"Habari za safari, Kerwin. Kahawa ipo jikoni."

"Sikuja kunywa kahawa. Faili linasema wanaishi hapa."

"Faili linasema barua zao zinakuja hapa. Keti. Na kofia, ukipenda, huvuliwa ndani."

Hakuivua. Aliingia chumba kwa chumba. Nilisikia kabati la bibi yako likianguka, kisha kioo, kisha kitanda. Alirudi na kisanduku cha dawa ya Josette kilicholetwa na posta siku iliyotangulia, akakitupa sakafuni na kukikanyaga. Ndipo nikamwambia. Nilikuwa nimekusudia asikie kwa kinywa changu, safari hii na jina langu likiwepo.

"Sentensi zile saba niliziandika mimi. Noelie hakusema neno."

"Wewe? Ulikula mezani kwangu siku ishirini."

"Nilikula," nikasema, "na chakula kilikuwa kizuri. Alipika Noelie."

Sitakueleza yote, unaijua mikono yake ilivyo. Aliulaza mkono wangu wa kulia juu ya ukingo wa meza na kuukalia, na nikasikia sauti kama kuni mbichi. Aliniuliza mlipo. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli, maana hukuniandikia, nami nakushukuru. Akanipiga mdomoni kwa kahawa, birika na vyote. Akauliza tena. Nilipoanguka alinipiga teke mbavuni mpaka nikajitapikia, jambo ambalo naliona aibu kuliandika. Kisha akaniinua kwa shingo, kunishindilia juu ya meza katikati ya nyama, na kubana. Vidole vinne upande huu, kimoja upande huu.

Kisu kilikuwa mezani, upande wa kushoto. Kiliingia chini ya mbavu zake. Nikakivuta, nikakirudisha. Nikakivuta, nikakirudisha. Nimechinja nguruwe miaka sitini, Noelie, najua mahali pake, na siwezi kukudanganya kwamba mkono ulibahatisha.

Alikaa sakafuni, akaegemea jiko. Akasema, "Mzee, naomba maji." Nilimpa, kwa sababu aliomba kwa adabu. Nilimshikia kikombe kwa mkono huu ninaoandikia. Alikunywa kidogo, akauliza kama Josette bado anakohoa. Nikamwambia hapana. Akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika darajani.

Nilimwondolea kofia.

Lester Joubert, naibu wa sherifu, mtoto wa ubatizo wa bibi yako, ndiye aliyeandika maelezo. Aliandika kwamba marehemu alivamia, kwamba mzee alikuwa akikabwa, na kwamba kisu kilikuwepo kwa sababu ya nyama. Yote ni kweli. Hospitalini nesi alikuja na kishikwambi kama kile cha kwenu, akaniuliza kama najiona salama nyumbani. Nilifikiri sana kabla ya kujibu ndiyo.

Sasa sikiliza maneno ninayoyaonea haya kuliko yote. Mimi mgane nimekufanya wewe mjane, na Josette nimemwondolea baba kwa kisu cha nguruwe. Naomba radhi. Siombi kwa desturi yangu ya kuomba radhi kwa kila kitu, ambayo unaicheka. Ukiamua kwamba mtoto asinione tena, nitalipokea hilo bila kuuliza sababu. Siku moja watamwuliza kuhusu baba yake, na jibu litaandikwa mahali. Uchague wewe, usiniachie mimi.

Faili lake halihitaji tena sahihi ya hakimu. Mpe Imelda anwani ya kweli, dawa zije mlangoni kwenu.

Limebaki jambo moja. Mwendesha mashtaka hajafunga jalada. Alikuja hapa Jumatatu, kijana mpole, akaniuliza maswali kumi na manne, nami nikamjibu yote kumi na manne kwa ukweli. Hakuniuliza kama nilikuwa nikimtarajia mgeni. Zamani nilidhani mtu mwema hujaza kila kisanduku. Siku hizi najibu nilichoulizwa. Barua yako ya tarehe 4 Februari ilinifikia. Usiniulize ilinifikia siku gani.

Hii inaletwa kwako, kupitia kwa Imelda, na Eula Rideau, ambaye ndiye aliyeniletea ile; naye pia hajaulizwa.

Babu yako,
Alcide Lavergne